Jinsi ya Kulinganisha Peugeot 504 na Toyota Premio kwa Haki

Ukitaka kulinganisha gari la zamani na la kisasa, tuseme Peugeot 504, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, na Toyota Premio ya injini ya cc 1,496 iliyozagaa mitaani Kampala, anza kwa kuyaweka yote mawili katika hali njema, kwa kuwa 504 yenye plagi zilizochakaa na breki zilizolegea haikuonyeshi kazi ya wahandisi wake, bali uzembe wa walioimiliki. Badilisha plagi, safisha kabureta ya 504, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na jaza upepo wa matairi kwa kipimo cha mtengenezaji kabla ya kuyatoa gereji.

Kwanza pima mafuta. Jaza matangi yote hadi pomoni kwenye pampu ileile, andika kilomita, kisha wewe na mwenzako mfuatane katika barabara ya Masaka hadi Ikweta pale Kayabwe, kilomita zipatazo 70, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Mkifika badilishaneni magari, maana mguu mzito huharibu hesabu. Rudini mkajaze palepale, halafu gawanyeni kilomita kwa lita.

Jaribio la mlima wengi hulisahau, nami naliona ndilo lenye mafunzo zaidi. Ukipanda hadi Kabale, mji ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi, na injini zote mbili hupungukiwa nguvu. Hata hivyo, kabureta haina njia ya kulitambua badiliko hilo, hivyo huendelea kumimina petroli kama ilivyorekebishwa bondeni, na ndiyo sababu 504 hutoa moshi mweusi na plagi zake hushika masizi. Katika Premio, sensa hupima hewa inayoingia na kompyuta hupunguza petroli kulingana nayo. Tofauti hii utaiona kwa macho kwenye ncha za plagi ukizifungua mkishafika.

Kwenye barabara ya changarawe, mwulize abiria wa kiti cha nyuma, si dereva. Springi za 504 zina mwendo mrefu, nayo hulimeza shimo ambalo Premio, iliyo chini zaidi, huligonga kwa tumbo.

Kuhusu usalama sina shaka hata kidogo: 504 haina mifuko ya hewa wala breki zinazozuia magurudumu kujifunga, kwa hiyo gari la kupeleka watoto shule kila siku liwe Premio.

Mwisho, linganisha upatikanaji. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15, hivyo 504 utaitafuta kwa wenyeji. Kabla ya kulipa, sugua kutu na rangi mpaka namba ya chasisi isomeke, kisha uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile iliyo kwenye kadi ya gari.