Namna ya Kufuatilia Mtoano wa Besiboli ya Marekani Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka ifikapo Oktoba, wakati wakulima wa Mbozi na Uyole wanatayarisha mashamba kusubiri mvua, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ambayo wengi huifahamu kwa kifupi cha MLB, humaliza msimu wake wa kawaida na kuingia katika hatua ya mtoano, ambayo kilele chake ni fainali iitwayo World Series. Mtu aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe anaweza kuifuatilia hatua hiyo kwa simu yake tu, alimradi ameelewa mpangilio wa timu, saa za mechi na zamu za watupaji, yaani wachezaji wanaowatupia mpira wapigaji wa timu pinzani. Jambo hilo la mwisho ndilo nitakaloliandikia kwa kirefu, kwa sababu watazamaji wapya huwakodolea macho wapigaji, ilhali mechi za Oktoba huamuliwa zaidi na nani anatupa mpira, alipumzika siku ngapi, na nani amebaki wa kumpokea.

Anza kwa kuchukua daftari na kuchora mpangilio, maana ukiutegemea ukurasa wa simu utakuchanganya. Ligi ina timu 30, nusu yake zikiwa katika American League na nusu katika National League, na kila upande umegawanywa katika makundi matatu ya timu tano. Kila timu hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida. Hapa kwetu timu inayoongoza msimamo wa Ligi Kuu baada ya mechi 30 hukabidhiwa kombe, na ubishi huishia hapo; kule mechi zote 162 hukupatia tiketi tu ya kuanza safari nyingine. Tangu mwaka 2022 tiketi hizo ni 12, sita kwa kila upande: vinara watatu wa makundi, ambao hupewa namba 1 hadi 3, na timu tatu zenye rekodi bora miongoni mwa zilizobaki, ambazo hupewa namba 4 hadi 6. Angalia vizuri hapo, kwa sababu timu ya namba 4 inaweza kuwa imeshinda mechi nyingi kuliko ya namba 3, lakini kinara wa kundi hubaki juu yake.

Namba 1 na namba 2 hupumzika raundi ya kwanza. Namba 3 humkaribisha namba 6, na namba 4 humkaribisha namba 5, katika mechi zisizozidi tatu ambazo zote huchezwa kwenye uwanja wa mwenyeji, na anayetangulia kushinda mbili hupita. Mshindi wa 4 na 5 hukutana na namba 1, mshindi wa 3 na 6 hukutana na namba 2, na hapo anayetafutwa ni wa kwanza kushinda mechi tatu kati ya tano. Baada ya hapo huja fainali ya kila upande, kisha World Series yenyewe, na zote mbili huchezwa hadi mmoja ashinde mechi nne kati ya saba. Mechi mbili za mwanzo huchezwa kwa mwenyeji, tatu zinazofuata ugenini, na mbili za mwisho, zikihitajika, hurudi kwa mwenyeji. Mwenyeji wa World Series ni timu iliyokuwa na rekodi bora katika msimu wa kawaida. Wingi wa alama hauhesabiwi kutoka mechi moja hadi nyingine kama tulivyozoea katika mechi za nyumbani na ugenini za mashindano ya Afrika: kumfunga mtu 11 kwa 4 ni ushindi mmoja, sawa na kumfunga 1 kwa 0.

Ukishachora, usiandike bingwa wako kwa kalamu ya wino. Mwaka 2023 timu tatu zilimaliza msimu zikiwa na ushindi wa mechi 100 au zaidi, yaani Atlanta, Baltimore na Los Angeles Dodgers, na hakuna hata moja iliyoshinda raundi yake ya kwanza ya mtoano. World Series ya mwaka huo iliwakutanisha Texas Rangers, walioingia kwa namba 5, na Arizona Diamondbacks, walioingia kwa namba 6 wakiwa na ushindi wa mechi 84 tu. Texas wakatwaa ubingwa kwa mechi nne kwa moja.

Suala la saa linawasumbua watu bila sababu, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi ukiifanya kwa saa za Kiswahili. Katika Oktoba tunaitangulia New York na Toronto kwa saa 7, na Los Angeles kwa saa 10. Mechi ya World Series huanza kwa kawaida muda mfupi baada ya saa mbili usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Mbili jumlisha saba ni tisa, kwa hiyo kwetu ni saa tisa na dakika chache usiku. Simu itakuandikia saa 3 alfajiri kwa mtindo wa Kizungu, nawe ukiisoma harakaharaka unaweza kujikuta umeketi mbele ya kioo saa tatu asubuhi, mechi ikiwa imekwisha na mabingwa wamelala. Tarehe nayo hubadilika: mechi iliyoandikwa Ijumaa kule, kwetu huchezwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Kumbuka vilevile kwamba Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, na tofauti yetu na New York huwa saa 8, hivyo mechi ya saa tisa usiku husogea hadi saa kumi alfajiri.

Kwa mwenye kazi ya asubuhi, ushauri wangu ni kwamba asijaribu kukesha mwezi mzima. Raundi za mwanzo huwa na mechi kadhaa kwa siku moja, na baadhi huanza mchana wa kule, yaani kuanzia saa mbili usiku hivi kwetu, muda ambao mtu wa Mwanjelwa au Kihesa bado yuko macho. Tazama hizo, kisha tunza usingizi kwa ajili ya World Series. Hata hapo jiandae, kwa kuwa besiboli haina sare, na katika mtoano haitumiki ile kanuni ya msimu wa kawaida ya kuweka mkimbiaji kwenye kituo cha pili ili kuharakisha muda wa nyongeza. Mechi ya tatu ya World Series ya 2025, kati ya Dodgers na Toronto Blue Jays, ilikwenda awamu 18 badala ya 9, awamu moja ikiwa ni zamu ya kupiga ya kila timu. Ilianza kwetu saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne, na Freddie Freeman alipoimaliza kwa kuupiga mpira ukavuka uzio, Mbeya ilikuwa karibu saa nne asubuhi.

Sheria za kukutosha kuanzia ni chache. Mtupaji humtupia mpigaji; mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha ni straiki, na straiki tatu humtoa. Mpira uliotupwa nje ya eneo linalotakiwa, na mpigaji asiupige, ni boli, na boli nne humpa ruhusa ya kwenda kituo cha kwanza bila kusumbuliwa. Anayevizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, yaani pale alipopigia, ameipatia timu yake alama moja. Wakitoka watatu, zamu huhamia kwa timu nyingine, na kila timu ikishapata zamu yake awamu moja imekamilika. Mwenyeji hupiga wa mwisho, na ndiyo maana akiwa anaongoza baada ya mgeni kumaliza zamu yake ya tisa, mechi huishia hapo na kwenye jedwali huwekwa alama ya X. Jedwali hilo lina safu ya kila awamu, kisha herufi tatu: R ni alama zilizopatikana, H ni mapigo yaliyomfikisha mpigaji kituoni, na E ni makosa ya walinzi, yaani wachezaji wa timu isiyopiga. Timu yenye H nyingi na R chache imekuwa ikifika vituoni na kuwaacha watu wake hapo, kama timu ya soka inayopata kona kumi bila bao.

Sasa tuje kwa watupaji. Mtupaji anayeanza mechi hutupa mipira 90 hadi 100 hivi katika siku nzuri, na mkono wake huhitaji mapumziko ya siku nne au tano kabla ya kuanza tena. Katika msimu wa kawaida timu huzungusha watupaji watano au sita, lakini katika mtoano kuna siku za safari zisizo na mechi, hivyo kocha anaweza kubaki na watatu au wanne walio bora. Ratiba ya kawaida ya World Series ni mechi mbili, siku ya safari, mechi tatu mfululizo, siku nyingine ya safari, kisha mbili za mwisho. Ukihesabu utaona kwamba aliyeanza mechi ya kwanza anaweza kuanza ya tano akiwa amepumzika siku nne, aliyeanza ya pili anarudi katika ya sita akiwa na siku tano, na aliyeanza ya tatu anaweza kupewa ya saba. Andika majina hayo pembeni mwa mchoro wako kabla ya kila mechi, na uweke idadi ya mipira waliyotupa baada ya mechi. Programu ya simu ya MLB huionyesha bure, mpira kwa mpira.

Nyuma ya hao wapo watupaji wa akiba, ambao huingia kwa awamu moja au mbili, na wanaoaminika zaidi hutunzwa hadi mwisho. Ukiona mechi ya awamu nyingi leo, usitazame tu nani ameshinda, bali hesabu ni wangapi wametumika, kwa sababu deni hilo hulipwa kesho na keshokutwa. Timu iliyoshinda usiku huu kwa kuwamaliza watupaji wake wote inaweza kuwa imeuza mechi mbili kununua moja. Kikosi kina wachezaji 26 tu, na nafasi ya kukipanga upya kwa hiari huja baada ya raundi moja kumalizika.

Mfano mzuri wa kufanyia zoezi ni fainali hiyohiyo ya 2025. Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers, Mjapani, alianza mechi ya pili na kuitupa yote mwenyewe hadi mwisho, jambo ambalo siku hizi ni adimu, na kwa kufanya hivyo aliwapa watupaji wa akiba usiku mzima wa kupumzika. Alianza tena ya sita, Dodgers wakiwa nyuma kwa ushindi mitatu kwa miwili, akatupa mipira 96 na wakashinda 3 kwa 1. Kwa hesabu ya daftari lako, hapo ungemfuta. Kesho yake, katika mechi ya saba, aliingizwa tena bila siku hata moja ya mapumziko, akazima awamu za mwisho, na Dodgers wakashinda 5 kwa 4 katika awamu ya 11. Alitangazwa mchezaji bora wa fainali. Hesabu za mapumziko, kwa hiyo, hukuonyesha kocha anakopaswa kwenda, na uzuri wa mechi ya saba ni kwamba hakuna mechi ya nane ya kuitunzia akiba.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa milimani, nalo huwa nalitaja kila ninapoulizwa kwa nini alama za mechi fulani zimefurika. Denver, mji wa Marekani yalipo makazi ya timu ya Colorado Rockies, iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini iko juu zaidi, karibu mita 1,700. Hewa nyepesi hupunguza upinzani, hivyo mpira uliopigwa huenda mbali zaidi, na mpira uliotupwa kwa kupinda haupindi vya kutosha, jambo linalowaumiza watupaji mara mbili. Tangu 2002 Rockies huhifadhi mipira yao katika chumba chenye unyevu ili isidunde kupita kiasi. Wamefika World Series mara moja tu, mwaka 2007, wakafungwa na Boston mechi nne kwa sifuri. Uwanja wa Sokoine ungekuwa jehanamu kwa mtupaji.

Kuhusu gharama, picha ya moja kwa moja hula bando haraka, na mechi inayochukua saa tatu inaweza kulimaliza kabla ya awamu ya saba. Njia ninayoipendelea ni kufuata maandishi ya mpira kwa mpira katika programu niliyoitaja, ambayo hutumia data kidogo na haiyumbi sana mtandao unapokuwa dhaifu, kisha kuangalia muhtasari wa video asubuhi kwenye chaneli ya MLB ya YouTube. Maandishi yana faida nyingine: hukulazimisha kuona hesabu ya boli na straiki, na kutambua kwamba mtupaji ameanza kuchoka kabla mtangazaji hajasema. Boli zikizidi straiki kwa wapigaji wawili mfululizo, mipira ikiwa imepita 80, angalia kama kuna mtu ameanza kupasha mkono pembeni. Chaji simu mapema, maana umeme ukikatika saa kumi alfajiri hutapata pa kuchajia hadi maduka yafunguliwe.

Mechi ya sita ikimalizika kwa timu kulingana ushindi mitatu kwa mitatu, lala mapema jioni inayofuata, weka kengele saa nane na nusu usiku, na kabla ya mpira wa kwanza andika majina ya watupaji wote wa kila timu kwa mpangilio wa waliopumzika zaidi hadi waliopumzika kidogo, kisha wakate mmoja mmoja kadiri wanavyoingia na kutoka.