Somo: Kumkatia bima mbwa mdogo hapa Uingereza (anza na magoti)

Tende, Chihuahua wangu, alikuwa na mwaka mmoja alipoanza kuruka hatua. Anakimbia vizuri, mara anakunja mguu wa nyuma wa kushoto, hatua mbili tatu, anaunyoosha, anaendelea. Nikadhani ni michezo. Daktari alilisukuma goti kwa kidole gumba na kilegesambwa, yaani pia ya goti, kikateleza kutoka mahali pake. Nilikiona kwa macho yangu chini ya ngozi. Akaandika kwenye faili: goti la kushoto, daraja la pili.

Bima nilikata wiki iliyofuata. Nilichelewa. Miaka miwili baadaye goti la kulia lilihitaji upasuaji, na kampuni ikakataa kulipa: mkataba ulisema viungo vinavyokaa viwili viwili huhesabiwa kuwa kimoja, hivyo ugonjwa ulikuwapo kabla ya bima. Sitaki yakukute.

Hatua ya 1: Kata bima kabla faili halijaandikwa kitu. Unapodai, kampuni huomba faili zima kutoka kliniki, na kila neno la daktari husomwa. Kampuni nyingi hupokea mbwa tangu wiki 8. Ugonjwa unaojitokeza ndani ya siku za kusubiri za mwanzo wa bima, mara nyingi 14, haulipwi. Ukipewa mtoto wa mbwa mwenye bima ya bure ya wiki chache kutoka kwa mfugaji, angalia sana: akiugua humo kisha ukahamia kampuni nyingine, huko ugonjwa huo utahesabiwa ni wa zamani.

Hatua ya 2: Chagua aina. Ipo ya ajali tu. Ipo inayolipia kila ugonjwa kwa miezi 12, basi. Ipo yenye kiwango kwa kila ugonjwa, kikiisha, kimeisha. Na ipo ya maisha, ambayo kiwango chake hujazwa upya kila mwaka mradi huikatizi. Kwa mbwa mdogo mimi nasema ya maisha, japo ni ghali. Mbwa hawa huishi miaka mingi, na maradhi yao ni ya kukaa nayo: vali ya moyo kwa Cavalier, koo linalolegea kwa Yorkshire Terrier. Dawa ya moyo ni ya kila siku, na miezi 12 haitoshi.

Hatua ya 3: Tafuta maneno matatu kwenye mkataba: magoti, meno, mgongo. Mgongo hasa kwa Dachshund, yule mwenye mwili mrefu na miguu mifupi. Meno ya mbwa wadogo yamebanana na fizi zao huugua mapema. Kampuni nyingi hudai akaguliwe kinywa kila mwaka, na ukiruka mwaka mmoja dai la meno linaweza kukataliwa. Kusafisha meno kwa kawaida hakulipwi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya sehemu yako. Tuseme bili ni pauni 3,000. Unabeba 100 za kwanza, na kwa kuwa mbwa amezeeka unabeba pia asilimia 20 ya 2,900 zilizobaki, yaani 580. Jumla 680 mfukoni mwako. Bima ya bei nafuu mara nyingi imejificha hapo.

Baada ya kununua una siku 14 za kubadili nia. Zitumie kusoma.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

*Dachshund wangu ana miaka tisa. Nimeshachelewa?*
Hapana, dada, ila uwanja umepungua. Baadhi hawapokei mbwa mpya wa umri huo. Wanaopokea watakutaka ubebe asilimia, na ugonjwa wowote uliomo tayari kwenye faili hautalipwa.

*Wamekataa dai langu, nifanye nini?*
Lalamika kwao kwa maandishi. Wakikujibu na hukuridhika, au wiki 8 zikipita bila jibu la mwisho, nenda Financial Ombudsman Service, wasuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima. Ni bure. Mwombe daktari wako barua inayoeleza lini dalili zilianza. Hiyo ina uzito kuliko maneno yetu.

*Nataka kwenda naye Mombasa. Bima itamfuata?*
Usiitegemee, mikataba mingi ya safari huishia Ulaya. Uliza, upate jibu kwa barua pepe. Na chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na kipimo chake cha damu vifanye huku kabla ya kuondoka, maana kurudi ndiko kugumu.

*Mimi naishi kwa posho ya serikali, siwezi kulipa kila mwezi.*
Ulizia PDSA, shirika la hisani la matibabu ya wanyama. Hutibu wanyama wa wenye kipato kidogo bure au kwa bei ndogo, kutegemea posho unayopata na unapokaa.

*Tende anaendeleaje?*
Alipasuliwa, nikalipa kwa mafungu. Ngazi anapanda mwenyewe. Kwenye kochi bado namnyanyua mimi.