Gharama za SMS na bando ukivuka mpaka: hesabu kwanza, piga baadaye

Mitandao hutangaza bei ya SMS kwa ujumbe mmoja, lakini salio hukatwa kwa kipande. Ukiielewa tofauti hiyo, nusu ya malalamiko ya "salio langu limekwenda wapi" inajibika papo hapo.

Kipande kimoja cha SMS kina baiti 140 (baiti moja ni biti 8), iwe unatuma kutoka Mwanza, Muscat au Toronto. Ukitumia herufi za kawaida, kila herufi inabanwa kwenye biti 7, ndiyo maana zinaenea 160. Ukiweka alama hata moja ambayo haimo katika orodha ya msingi ya GSM (mfumo wa kawaida wa simu za mkononi), ujumbe wote, si alama ile peke yake, unaandikwa upya kwa biti 16 kila herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi kikomo unakatwa vipande, na kila kipande kinapoteza baiti 6 za kuieleza simu ya mpokeaji namna ya kuviunga. Kwa hiyo ujumbe mrefu unahesabiwa kwa herufi 153 kila kipande, au 67 kama umeingia kwenye biti 16.

Kiswahili kina mtego wake hapa, nao ni ritifaa ya ng'. Ritifaa iliyonyooka (') imo kwenye orodha ya GSM. Ile iliyopinda (’), ambayo kibodi za simu na kompyuta hupenda kuiweka zenyewe, haimo. Chukua ujumbe huu:

Shikamoo baba. Ng'ombe wawili wamefika salama Tunduma. Naomba hela ya ushuru kabla ya saa kumi, lori linaondoka leo jioni. Asante sana.

Una herufi 135, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Ritifaa ikiwa imenyooka, hicho ni kipande kimoja. Ikiwa imepinda, vipande viwili vinabeba 134 tu, herufi moja inabaki, na unalipa vipande vitatu. Tuseme SMS ya kwenda nchi jirani ni shilingi 200: ng'ombe wale wale, salamu zile zile, lakini umelipa 600. Mweka hazina wa SACCO anayetuma tangazo kama hilo kwa wanachama 800 atashangaa kuona vipande 2,400 kwenye ankara.

Alama nyingine zinazoleta balaa hilo hilo ni nukuu zilizopinda, kistari kirefu, nukta tatu zilizounganishwa kuwa alama moja, emoji zote, na maandishi ya Kiarabu. Wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa huko Bukavu, Goma au Bujumbura wajue kwamba é, è na à zimo kwenye orodha, ila ê, â, î na ô hazimo. Ç kubwa imo, ç ndogo haimo. Alama ya yuro na mabano ya mraba zimo, lakini kila moja inahesabiwa kama herufi mbili.

Kurekebisha ni kazi ya dakika moja. Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya kibodi uzime Smart Punctuation. Kwenye programu ya Google Messages, fungua mipangilio ya ziada na uwashe Use simple characters. Kisha jihadhari na kunakili: maneno yaliyotolewa WhatsApp au kwenye hati ya Word yanaweza kuja na ritifaa iliyopinda hata kama kibodi yako ni safi. Ifute, uiandike upya kwa mkono. Programu nyingi za meseji zina kihesabu pembeni mwa sanduku la kuandikia. Kikiruka ghafla kutoka nafasi nyingi kwenda chache baada ya kuweka alama moja, mkosaji ni alama hiyo.

Kuna makato mengine mawili ambayo watu huyadhania wizi. Ukiweka laini mpya kwenye iPhone, simu hutuma SMS ya kimyakimya kwenda namba ya nje ya nchi ili kuwasha iMessage na FaceTime, huduma za Apple za ujumbe na simu za video. Haionekani kwenye orodha ya ulizotuma, lakini mtandao unaweza kuitoza kama SMS ya kimataifa. Kama hutumii huduma hizo, zizime kabla ya kuchomeka laini. La pili ni MMS, yaani ujumbe wa picha na sauti: simu nyingi hugeuza SMS ndefu, au ujumbe wa kundi, kuwa MMS bila kukuuliza, na bei yake ni nyingine kabisa. Kagua mipangilio ya ujumbe wa kundi, chagua kila mtu apelekewe SMS yake.

Nani analipa

Afrika Mashariki anayepiga ndiye anayelipa, anayepokea hakatwi. Ndiyo maana kubipu kuliwezekana. Marekani na Kanada utaratibu wa asili ni tofauti: anayepokea naye alihesabiwa dakika, na hata SMS. Mwaka 2008 seneta Herb Kohl aliyaandikia makampuni makubwa manne ya simu ya Marekani akitaka maelezo ya kwa nini bei ya SMS moja ilipanda kutoka senti 10 hadi senti 20 katika miaka michache. Leo mipango mingi huko haina kikomo cha dakika na SMS za ndani ya nchi, lakini baadhi ya laini za kulipa kabla bado hukata dakika kwa simu unayopokea. Ukimpigia ndugu yako Minneapolis akakwambia "nitakupigia mimi", huenda ana sababu.

"Bila kikomo" ni ya ndani ya nchi. Namba zinazoanza na +1 si za Marekani na Kanada peke yake: Jamaika na Jamhuri ya Dominika nazo ni +1, na mara nyingi hutozwa bei ya kimataifa. Namba za mkononi za Jersey na Guernsey zinaanza na +44 kama za Uingereza, lakini mipango mingi ya Uingereza haizihesabu. Karibu na nyumbani, tofauti ya +243 (Kongo ya Kinshasa) na +242 (Kongo ya Brazzaville) ni tarakimu moja tu.

Namba zote kwenye simu yako zihifadhi kwa alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi: +255 badala ya 0 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, +968 kwa Oman. Namba iliyohifadhiwa kwa 0 ukiipiga ukiwa ugenini, inatafutwa kwenye nchi uliyomo. Na namba ngeni ya kigeni ikikubipu mlio mmoja, usiirudie. Mchezo huo Wajapani waliuita wangiri: unavutwa upige namba ya bei kubwa, na sisi tuliolelewa kwenye kubipu tunanaswa kirahisi mno.

Kabla ya safari

Siku tatu kabla ya kuondoka, ukiwa bado nchini, fanya haya kwa mpangilio.

Uliza mtandao wako kama romingi, yaani kutumia laini ya nyumbani ukiwa nchi nyingine, imewashwa kwenye laini yako. Wengine huiwasha wenyewe, wengine wanataka uombe ukiwa nyumbani, na ukisahau hutapata hata SMS ya benki. Uliza bei nne kando kando: kupiga kwenda nyumbani, kupiga ndani ya nchi unayokwenda, kupokea, na data kwa MB. Anayekuambia "romingi ni nafuu" bila bei ya kupokea hajakuambia kitu, maana ugenini unalipia sehemu ya safari ya simu inayokuja kwako.

Futa upelekaji wa simu kwa kupiga ##002#. Watu wengi hupuuza hatua hii. Simu ikikufikia ughaibuni halafu, kwa kuwa hukupokea, ikapelekwa kwenye sanduku la sauti la nyumbani, imevuka mpaka mara mbili, nawe unaweza kutozwa safari zote mbili. Kuhakiki kama kuna upelekaji uliobaki, piga *#61# na *#62#.

Zima data ya romingi, na uzime masasisho ya programu na uhifadhi wa picha mtandaoni. Simu ikiwa na laini mbili, hakikisha laini ya data ni ile utakayonunua huko. Laini ya nyumbani iache imewashwa kwa ajili ya SMS za benki na za pesa za simu, kwa sababu mitandao mingi haitozi kupokea SMS ukiwa nje. Uliza pia laini isiyoongezwa salio inafungwa baada ya siku ngapi. Laini ikifungwa ukiwa Doha, akaunti ya pesa za simu inaweza kufungwa nayo.

Piga *#06#. Ukiona EID chini ya IMEI, simu yako inakubali eSIM (laini iliyo ndani ya simu, isiyo na kadi), na unaweza kununua data ya nchi unayokwenda kabla ya kupanda ndege. Kumbuka eSIM nyingi za wasafiri ni za data tupu: hazina namba, hazipokei SMS. Kwa anayekwenda Marekani, simu isiyo na VoLTE (uwezo wa kupiga simu za sauti kupitia 4G) huenda isiweze kupiga wala kupokea simu. AT&T ilizima 3G Februari 2022 na Verizon, mtandao mwingine mkubwa wa huko, mwishoni mwa mwaka huo. Na kwa simu inayotumwa nyumbani kutoka ughaibuni, uliza kama imefungwa kwa mtandao mmoja. Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa Desemba 2021 na Kanada ilitangulia 2017. Marekani bado zipo.

Mipakani

Mawimbi hayana pasipoti. Namanga, Holili, Sirari, Tunduma, Rusumo, au kati ya Goma na Rubavu, simu inaweza kudaka mnara wa upande wa pili nawe hujatoka nyumbani. Mnara wa 2G hufika hadi kilomita 35 pakiwa wazi. Anayeishi au kufanya biashara mpakani azime uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, achague mtandao wake kwa mkono. Dalili ya kunaswa ni SMS ya "karibu" kutoka nchi jirani.

Eneo hili lina historia ya kujivunia. Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliondoa gharama za romingi kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, miaka 11 kabla Umoja wa Ulaya haujafanya hivyo kwa nchi zake tarehe 15 Juni 2017. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikaanzisha eneo la mtandao mmoja lenye kikomo cha bei za simu kati yao. Lakini makubaliano ya namna hiyo hutofautiana kati ya sauti, SMS na data, kwa hiyo usichukulie kwamba sauti ikiwa nafuu data nayo ni nafuu.

Ulaya nako kuna mitego. Norway na Iceland zimo kwenye utaratibu wa romingi wa Umoja wa Ulaya, Uswisi haimo. Ukipanda treni kutoka Ujerumani hadi Basel umeshatoka. Romingi pia si sawa na kupiga nje: laini ya Ujerumani ikipiga Ufaransa kutoka Ujerumani inatozwa bei ya kimataifa, iliyowekewa kikomo tangu Mei 2019 cha senti 19 za yuro kwa dakika na senti 6 kwa SMS, kabla ya kodi. Kikomo hicho hakiigusi simu ya kwenda Dodoma.

Kwenye ndege na meli za baharini, weka hali ya ndege. Mtandao wa humo hupitia setilaiti, kwa kawaida haumo katika bando la nchi, na bei yake huwa ya juu sana.

Kwa walio Ghuba, simu za sauti za WhatsApp zilizuiwa kwa miaka mingi Falme za Kiarabu na Oman, na huenda bado hazipiti, ila maandishi na ujumbe wa sauti hupita. Mpangie mama Unguja azoee ujumbe wa sauti kwa mambo ya kila siku, na bando la dakika za kimataifa liwekwe kwa mazungumzo ya lazima.

Kulinganisha bando za nchi mbili

Usilinganishe bei ya GB peke yake. Gawa bei kwa kiasi ulichotumia kweli kabla bando halijaisha muda. Bando la siku la GB 1 kwa shilingi 1,000, ukitumia MB 400 tu, limekugharimu shilingi 2,500 kwa GB. Bando la mwezi linaloonekana ghali linaweza kuwa rahisi zaidi.

Angalia pia kodi imewekwa wapi. Tanzania, kwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 na VAT ya asilimia 18 juu yake, kila shilingi 1,000 ina huduma ya shilingi 724 hivi. Kenya, kwa ushuru wa asilimia 15 ulioanza Julai 2023 na VAT ya asilimia 16, shilingi 100 ina huduma ya shilingi 75. Kwetu bei inayotangazwa huwa na kodi tayari. Marekani mara nyingi kodi na ada huongezwa baadaye, hivyo dola 40 ya tangazo si dola 40 ya ankara.

Halafu gawa bei ya mwezi kwa kipato cha mwezi. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti pana iliweka lengo kwamba intaneti ya msingi igharimu chini ya asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kwamba dola 5 ya Kigoma ni nzito kuliko dola 40 ya Chicago.

Ukirudi, kama laini yako ni ya kulipa baadaye, usifurahie ankara ya kwanza. Kumbukumbu za matumizi ya ugenini hutumwa kutoka mtandao wa kule kuja wa hapa, na huchelewa, hivyo makato ya safari yanaweza kutokea mwezi unaofuata. Piga picha ya skrini ya matumizi ya data siku unayoondoka na siku unayorudi, saa ikionekana. Ukienda kulalamika dukani, picha hizo mbili ndizo za kuweka mezani.