Mitambo ya upepo ya Ngong ikizeeka, tangulia na darubini

Mtambo wa upepo huundwa ufanye kazi miaka 20 hivi. Zile V52 sita za kwanza, mitambo ya kampuni ya Vestas, ambazo KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, iliziweka vilimani Ngong zilianza kuzalisha umeme mwaka 2009, kwa hiyo mjadala wa kuzibadilisha hauko mbali. Mimi hufanya tathmini za mazingira, na ombi langu huwa moja kabla mhandisi hajaagiza chochote: watu wawili wenye darubini wakae kileleni masika na kiangazi.

Mapanga ya mtambo yanayozunguka huua ndege wakubwa kama tumbusi, kwa hiyo waandike ndege gani kapita, saa ngapi, kwa kimo gani, na kavuka kilima wapi. Tumbusi hapendi kurauka. Husubiri jua lipashe miteremko moto, hewa ipande, naye apande nayo bila kupiga bawa. Mtazamaji anayefika alfajiri na kushuka wakati wa chai atakuletea ripoti ya anga tupu, na kuna watu wanalipwa kwa ripoti hizo. Usisahau kwamba majabali ya Kwenia, wanakozaliana tumbusi wa Rüppell, yako Kajiado hiyohiyo. Kwao kilomita mia si safari.

Palipobonyea kati ya vilele viwili ndipo ndege hukatiza. Hapo usiweke mtambo, hata kama wa zamani unasimama papo hapo na barabara ipo tayari. Kwenye mashamba ya upepo ya Altamont, California, vimitambo vya miaka ya 1980 viliua tai wengi. Walipovibadilisha kwa vichache vikubwa, bado mahali pa kila mnara palibaki kuamua ndege wangapi wanakufa. Nafasi ya kuchagua unayo: V52 hutoa kilowati 850, ilhali mtambo mmoja wa Kipeto, shamba jingine la upepo la Kajiado, hutoa megawati 1.7. Mmoja unakaa pahali pa miwili.

Kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, usijifiche nyuma ya leseni ya zamani. Mnara mrefu zaidi ni mradi mwingine. Fanya tathmini mpya. Kanuni zinadai angalau mikutano mitatu ya hadhara, nayo usiiitishe siku ya mnada wa mifugo, maana utahutubia viti. EPRA, mamlaka ya nishati, ni fomu na subira. Mamlaka ya usafiri wa anga waone kimo mapema, kwa sababu vindege vya uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara hupita juu ya vilima hivyo.

Mitambo ikishasimama, igeni Kipeto: mtazamaji akiona tumbusi anakaribia, anaita chumba cha udhibiti na mtambo unazimwa. Mzoga wa mbuzi chini ya mnara uondolewe siku hiyohiyo, usije ukawaita tumbusi.

Kwenye kubomoa, mwaga oili ya giaboksi kwenye mapipa kabla krini haijagusa kitu, ichukuliwe na msafirishaji wa taka mwenye leseni. Chuma cha mnara kina mnunuzi. Mapanga ni faibaglasi, hayana, kwa hiyo gharama ya kuyaondoa iandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi kabla hajalipwa senti.