Andika alichofanya mtoto, si ulichopanga: kuweka kumbukumbu za masomo ya nyumbani

Mwaka wa kwanza wa kumfundisha kifungua mimba wangu nyumbani nilikuwa na faili nene kuliko kamusi. Ndani yake mlikuwa na azimio la kazi la kila muhula, andalio la kila somo, daftari la mahudhurio lenye alama ya vema kila siku, na karatasi za mazoezi zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Siku ya tathmini mkaguzi alizifunua kurasa taratibu hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwaka jana hakujua nini ambacho leo anakijua?"

Jibu nilikuwa nalo, maana nilikaa naye meza moja miezi kumi. Ila katika faili lile hapakuwa na ukurasa hata mmoja ningeuwekea kidole na kusema, soma hapa. "Hisabati, saa 1. Sayansi, dakika 45." Mistari ya namna hiyo ilijaa kurasa nzima. Ilithibitisha kwamba tulikaa kusoma, lakini haikueleza kilichotokea tulipokaa.

Leo nina wanafunzi wawili. Mkubwa yuko sekondari, anajisomea chini ya mwalimu msimamizi. Mdogo wake bado ni wa msingi na ninamfundisha mwenyewe. Njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayoitumia kwa wote wawili.

Kwanza, tenganisha mpango na kumbukumbu. Andalio la somo huandikwa kabla, na linasema unachokusudia kufanya. Kumbukumbu huandikwa baada, na inasema kilichofanyika. Mimi niliweka mpango mahali pa kumbukumbu, na nadhani wazazi wengi tunaanzia kwenye kosa hilohilo, kwa sababu mpango ni msafi na unapendeza kuutazama. Siku hizi mpango wangu wa wiki ni nusu ukurasa tu kwa kalamu ya risasi. Daftari la kumbukumbu ndilo ninaloandika kwa wino.

Pili, andika siku hiyohiyo, ikiwezekana kabla hamjaondoka mezani. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya kujifunza ilikuwa imepotea. Maneno ya mtoto si silabi tupu, najua, lakini nimejaribu mara nyingi kuandika Ijumaa yaliyosemwa Jumatatu, nikaishia kuandika "alielewa vizuri". Maneno hayo mawili hayana faida kwa yeyote, hata kwangu mwenyewe.

Tazama tofauti. Ningeweza kuandika: "Jumanne. Sehemu. Ukurasa wa 48, maswali 10, alipata 7." Nilichoandika ni hiki:

"Jumanne. Kulinganisha 3/4 na 5/8. Alisema 5/8 ni kubwa, 'kwa sababu 5 inazidi 3 na 8 inazidi 4'. Nikampa vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa. Kimoja alikikunja mara mbili akapata sehemu 4, cha pili akakikunja mara tatu akapata 8. Akavilaza kimoja juu ya kingine, akahesabu, akanyamaza. Kisha: 'Robo tatu ni sita za nane. Kwa hiyo tano haifiki.' Swali la pili, 2/3 na 5/6, alilifanya bila karatasi. D, kisha P."

Inachukua dakika nne kuandika. Ukiisoma miaka miwili baadaye utaona mtoto alianzia wapi, kosa lake lilikuwa la aina gani, nini kilimgeuza, na alifika wapi. Kosa ndilo lenye thamani kubwa kuliko vyote hapo. Ningeandika "7 kati ya 10" pekee, nisingejua kama yale matatu aliyokosa yalikuwa ya haraka ya kalamu au ya kutoelewa kabisa kwamba namba ya chini ikikua, kipande kinapungua.

Herufi za mwisho ni alama zangu za msaada. P ni peke yake, D ni kwa kudokezewa, M ni kwa msaada wa hatua kwa hatua. Ukiziweka kila mara, mwisho wa muhula unaweza kupitia pambizo za daftari kwa macho tu ukaona mada ambazo M zinageuka D, na D zinageuka P. Ukiona mada yenye M wiki ya pili na M tena wiki ya tisa, hapo pana kazi, na ni bora uione wewe kabla mkaguzi hajaiona.

Si lazima uandike hivyo kwa kila somo la kila siku. Utachoka, na ukichoka utaacha. Mimi huandika tukio moja refu kwa siku kwa kila mtoto, na masomo mengine nayapa mstari mmoja mmoja: mada, kilichofanyika, herufi. Tukio refu nalihamisha kutoka somo hadi somo ili ndani ya wiki mbili kila somo lipate angalau moja.

Kuna masomo yasiyoanzia kwenye kitabu, nayo ndiyo wazazi wengi huyapoteza. Siku moja binti yangu mdogo alisimika kijiti cha sentimita 60 uani ili aone kivuli kinavyokwenda. Nilimwachia. Alipima kila nusu saa kuanzia saa 5:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana: 41, 35, 31, 30, 31, 35, 41. Akachora grafu, akaiangalia, akauliza: "Mbona kifupi kabisa ni saa sita na nusu? Si mchana ni saa sita?" Tukazungumza kwamba saa ya ukutani hufuata kanda nzima ya majira, ilhali jua hufuata mahali uliposimama.

Ungeuliza hilo ni somo gani, ningekujibu ni vipimo, ni grafu, ni sayansi, ni jiografia. Kwa hiyo kwenye daftari naandika tukio mara moja kama lilivyokuwa, kisha chini yake nayataja masomo liliyogusa, kila moja na kitu mahususi: vipimo (kusoma rula hadi sentimita kamili), grafu (alichagua mizani mwenyewe), jiografia (kanda za majira). Usiandike somo ambalo halikuguswa kweli. Kishawishi cha kuligeuza kila jambo kuwa masomo sita ni kikubwa, na msomaji mzoefu hukitambua mara moja, kisha anaanza kutilia shaka hata yale ya kweli. Na swali la mtoto liandike kwa maneno yake. Swali zuri ni ushahidi wa kujifunza sawa na jibu.

Kusoma vitabu kuna orodha yake: jina la kitabu, mwandishi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Vilivyoachwa katikati viweke pia, na ukurasa vilipoachwa. Lakini orodha haisemi kama mtoto alielewa. Hapo namshukuru Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeishi 1842 hadi 1923, aliyesisitiza kwamba mtoto asomewe mara moja kisha asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Nami humrekodi kwa simu dakika mbili au tatu, kisha naandika sentensi mbili za simulizi neno kwa neno. Usizirekebishe. Sentensi iliyopinda ya mwezi wa kwanza ukiiweka pembeni ya ile ya mwezi wa tisa, huhitaji kuandika maoni yoyote kuhusu maendeleo ya lugha.

Picha zinasaidia, ila picha ya kazi iliyokamilika ikiwa peke yake ni pambo tu. Piga tatu: mwanzo, katikati pale mambo yalipokwama, na mwisho. Weka karatasi yenye tarehe ndani ya picha. Lenga mikono na kazi, uache uso wa mtoto, kwa kuwa huwezi kujua faili litapitia mikono ya nani. Jina la picha lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-03-12-kivuli, zitajipanga zenyewe. Nakala moja ikae nje ya simu. Mengine ya kompyuta hayanisumbui, tumia unachokijua.

Sampuli za kazi usizitunze zote. Kwa kila somo natunza tatu kwa muhula: moja ya wiki mbili za kwanza, moja ya katikati, moja ya mwisho, na nazichagua za aina moja ili zilinganike. Insha kwa insha, mafumbo ya hesabu kwa mafumbo ya hesabu. Insha naitunza na rasimu yake, hata iwe imechafuka kwa kufutwafutwa. Nyuma ya kila karatasi kuna tarehe, herufi ya msaada, na mstari unaosema kwa nini nimeichagua. Usichague nzuri tu. Faili lenye kazi nzuri tangu ukurasa wa kwanza linasema mtoto hakuwa na cha kujifunza.

Sheria nimeitaja kwa kuchelewa, lakini wewe anza nayo: soma yenyewe, usitegemee ulichosikia kwa mzazi mwenzako. Zinatofautiana sana. Ujerumani watoto wanapaswa kuhudhuria shule, na masomo ya nyumbani kwa kawaida hayaruhusiwi. Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani linataka siku 180 za masomo, au saa 900 kwa mwaka kwa msingi na 990 kwa sekondari, pamoja na faili lenye sampuli za kazi na kumbukumbu ya vitabu iliyoandikwa wakati masomo yanapofanyika. New York wanataka ripoti kila robo mwaka, yenye saa zilizosomwa, maelezo ya yaliyofundishwa, na alama au tathmini ya maandishi. Katika mpango wa kujisomea wa California, mwalimu mwenye cheti huitazama kazi yenyewe ya mwanafunzi na kukadiria ina thamani ya muda gani. Napenda utaratibu huo wa mwisho, maana unarudi kwenye kazi. Lakini pale sheria inapotaka saa, hesabu saa kwa uaminifu, na ziandike kwenye ukurasa wake, mbali na maelezo.

Kwa aliye sekondari saa zina uzito wa ziada. Vyuo na shule za Marekani bado hutumia kipimo kilichoanzishwa mwaka 1906, Carnegie Unit, ambacho ni kama saa 120 za somo moja kwa mwaka. Ikiwa kijana wako anaweza kuomba nafasi huko, mwanzoni mwa kila kozi andika ukurasa mmoja: jina la kozi, vitabu, mada kuu, na namna atakavyopimwa. Mwishoni urekebishe ulingane na yaliyofanyika kweli. Kuutunga ukurasa huo miaka mitatu baadaye, cheti kinaposubiriwa, ni mateso.

Mwanangu mkubwa sasa huandika mwenyewe, na nilimkabidhi kalamu mapema kuliko nilivyodhani inafaa. Kila Ijumaa anajibu mambo matatu: ninachoweza kufanya sasa ambacho Jumatatu sikuweza, nilipokwama, ninachohitaji. Mwanzo alikuwa akiandika "nimeelewa mlinganyo wa kipeo cha pili". Nikamwambia aonyeshe. Wiki iliyofuata aliandika: "Naweza kutafuta thamani za x kwa kukamilisha mraba. Nakwama pale namba iliyo mbele ya x kipeo cha pili si 1, nasahau kugawanya kwanza." Mwalimu wake msimamizi aliposoma sentensi hiyo ya pili, aliacha mada aliyopanga siku ile akakaa naye kwenye kugawanya. Saa ile moja ya usimamizi ilitumika mahali ilipohitajika.

Kuhusu siku ulizokosa kuandika: usizitunge. Nimewahi kukaa usiku na wino mmoja nikijaza wiki mbili kwa kubahatisha, na kurasa zile bado zinaniudhi nikizipita, kwa sababu sijui tena lipi lilitokea na lipi nililipamba. Acha nafasi wazi, andika "sikuandika" na tarehe, uendelee na leo. Mimi nina pengo la wiki tatu katika daftari la mwaka wa pili, mdogo alipougua. Kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, sababu kwa maneno matatu, na majina ya vitabu viwili nilivyomsomea akiwa kitandani. Mkaguzi alipafika, akasoma, akaniuliza kama amepona, akafunua ukurasa uliofuata.