Discovery 3 ikilala usiku, usikimbilie kununua kompresa

Land Rover Discovery 3, za 2004 hadi 2009, nyingi tunazopokea gereji hazina springi za chuma. Zinabebwa na mipira minne ya upepo inayojazwa na kompresa, yaani pampu ya upepo. Upepo ukivuja, gari hulala: linashuka chini likiwa limeegeshwa. Mteja mmoja alinijia akiwa ameshauziwa kompresa mbili ndani ya mwaka, na ya pili ilishaanza kunuka kuungua. Kumbe kiungo cha bomba juu ya shokapu ya mbele kushoto kilikuwa kinavuja, kompresa inajaza bila kupumzika.

1. Pima betri. Injini ikiwa imezimwa mita isome karibu volti 12.6, ikiwaka, kama 14 hivi. Umeme ukiwa mdogo gari hili huwasha taa za onyo za kila aina, utaishia kufukuza ugonjwa usiokuwepo.

2. Jaribio la usiku. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Ukiliegesha, gari huamka lenyewe baada ya saa kadhaa na kushusha kona nyingine zilingane na iliyo chini zaidi. Asubuhi unalikuta limelala sawasawa, hujui mkosaji ni yupi. Kwa hiyo egesha pa tambarare, zima, kisha chomoa fyuzi ya mfumo wa upepo. Kitabu cha gari kinaonyesha ilipo. Pima kwa futi toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madgadi, kona zote nne, uandike. Asubuhi pima tena.

Imeshuka kona moja? Shida ni mpira ule au bomba lake. Zimeshuka mbili za mbele pamoja? Anza na bloku ya vali ya mbele, ile inayogawa upepo kwa mipira hiyo miwili. Nyuma vilevile.

3. Maji ya sabuni. Nyanyua gari hadi kimo cha juu, zima, chomoa fyuzi, weka stendi chini ya chasisi. Stendi, si jeki peke yake, na kamwe usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na upepo tu. Pulizia kiungo cha bomba na mkunjo wa chini wa mpira, kisha subiri. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa. Utaona povu jeupe, laini, likijikusanya polepole kama la maziwa yanayotaka kuchemka.

4. Rekebisha. Kiungo kikivuja, legeza taratibu upepo utoke, kata ncha ya bomba kwa wembe, mkato unyooke usiwe wa mshazari, weka kiungo kipya. Mpira ukiwa na nyufa, badilisha. Wa mtumba sishauri: raba huzeeka hata ikikaa stoo.

5. Sasa kompresa. Kama bado inajaza kwa kuvuta miguu, angalia chujio na kikaushio chake. Ukilazimika kuinunua, badilisha pia rilei, swichi ya umeme inayoiwasha; si ghali. Rilei iliyoganda huiacha kompresa ikizunguka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Rudisha fyuzi, futa misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, endesha kidogo. Usiku chomoa tena fyuzi, na asubuhi rudi na futi yako.