Jinsi ya kuanza anime za Gridman, Kamen Rider na Ultraman bila kupotea na bila kumaliza bando

Kama umekulia Mbeya, Iringa au hata Makambako na ulikua unakimbia shule ikiisha uwahi kibanda umiza, basi Power Rangers unaijua. Ila wengi hawajui kwamba yale mapigano ya 1993 mengi yalichukuliwa kutoka kwenye sirizi ya Kijapani ya 1992 inayoitwa Zyuranger, Wamarekani wakaweka watoto wao kwenye sehemu za shuleni tu. Wajapani wenyewe mambo haya wameanza kitambo sana, Ultraman 1966, Kamen Rider 1971, Kikaider 1972, watu kweli ndani ya masuti ya mpira wanapigana katikati ya mji wa nyumba ndogo ndogo za kutengeneza. Huo mtindo ndo tokusatsu.

Sasa miaka ya karibuni studio za anime, yani katuni za Kijapani, zimezichukua hizi stori na kuzifanya upya, na watu wanashindwa pa kuanzia maana mtu anaona kama lazima amalize kwanza episodi zote 39 za Ultraman ya 1966 ndo aruhusiwe kuangalia mpya. Sio lazima bwana. Mi nakwambia kabisa usianze na za zamani, utachoka episodi ya tatu alafu utatangazia watu kwamba vitu vyenyewe vya kitoto.

Anza na SSSS.Gridman. Ni ya 2018, imetengenezwa na Studio Trigger chini ya mwongozaji Akira Amemiya, episodi 12 tu. Chanzo chake ni Gridman ya 1993 ya kampuni ya Tsuburaya, wale wale wenye Ultraman, ila hii haikuwahi kua kubwa hivyo na hiyo ndo faida yako, karibu kila mtu anaingia akiwa hajui kitu. Stelingi ni Yuta, kaamka hakumbuki chochote, alafu kwenye duka la makorokoro la mama wa Rikka, binti anaesoma nae, kuna kompyuta kuukuu na kwenye skrini yake kuna jitu linamuita, ndo Gridman mwenyewe, wenzie wanaangalia hawaoni kitu. Hiyo kompyuta inaitwa Junk. Kwenye ile ya 1993 watoto watatu waliiunda wenyewe kwa vipuri na mapigano yalikua humo humo ndani ya kompyuta, maana adui alikua anamtumia kijana mmoja mpweke anaechora madude kwenye skrini chumbani kwake, alafu madude yanaenda kuvuruga mitambo ya mji. Yani hiyo ni 1993, watu wengi majumbani hata intaneti hawaijui.

Ukiiangalia, tumia masikio. Sehemu za shule na nyumbani karibu hamna muziki, unasikia nyenje, unasikia viatu kwenye korido, watu wanaongea nusu nusu kama watu wa kweli wasiokua na la kusema, alafu dude likitokea muziki unalipuka na kamera inashuka chini kabisa, unaona waya za umeme na juu yake mguu. Jitu lenyewe linatembea zito zito kama kuna mtu ndani ya suti, na ni makusudi, wameiga mpaka ule uzito. Sauti ya Gridman ni ya Hikaru Midorikawa, yule yule aliyeifanya 1993. Kingine, kuna watu wanakufa mapema tu na kesho yake darasani hamna anaekumbuka kama walikuwepo, apo usikimbilie kugugo, vumilia.

Ukimaliza hiyo nenda Fuuto PI, ya 2022, Studio Kai, nayo episodi 12. Hii ni muendelezo wa Kamen Rider W iliyorushwa 2009 mpaka 2010 kwahiyo kuna watu wanaiogopa, ila wameipanga vizuri, kuna binti anaitwa Tokime hajui alikotoka, anaingia kwenye ofisi ya wapelelezi na we unajifunza mji pamoja nae. Shotaro ni mpelelezi anaejifanya mgumu kumbe moyo laini kinoma, Philip ndo kichwa, ana maktaba ya dunia nzima akilini. Wakitaka kubadilika kila mmoja anachomeka kimemori kwenye mkanda, wanaungana wanakua mtu mmoja nusu kijani nusu nyeusi. Na hivyo vimemori aisee ni flash kabisa, hizi hizi tunazopeleka kujaziwa muvi Mwanjelwa, ina kichwa cha kuchomeka na ukibonyeza inajitaja jina. Zinauzwa mtaani kimagendo kama madawa, raia wa kawaida akijichomeka anageuka dude, kwahiyo kila kesi ni ya jirani wa mtu, sio mavamizi kutoka anga za mbali. Mji wenyewe Fuuto ni wa upepo mwanzo mwisho, watu wa Makambako mtajisikia nyumbani. Tahadhari moja tu, kuna sehemu za utupu, usiiweke sebuleni wakwe wakiwepo.

Ultraman ya Netflix (2019) naiweka ya tatu na najua kuna watakaonuna. Waongozaji ni Kenji Kamiyama na Shinji Aramaki, imetokana na manga, yani kitabu cha katuni cha Kijapani, na stori inamfuata Shinjiro, mtoto wa yule Hayata aliyekua Ultraman wa kwanza. Ultraman wa 1966 ana mita 40 na tani 35,000 na taa kifuani inayoanza kupepesa nyekundu maana muda wake hapa duniani ni dakika 3. Huyu wa Netflix ni mwanafunzi ndani ya suti ya chuma, kimo cha mtu. Mapigano ni moto, Moroboshi, mwenzie Shinjiro mwenye suti yake, na panga lake ndo mwenye sizoni ya kwanza kwa maoni yangu, ila nyuso za 3D zimekakamaa kama sanamu za dukani na wengine hapo ndo wanaachia. Kama una dogo nyumbani mwekee Ultraman: Rising ya 2024, hiyo ni filamu ya familia, mcheza besiboli anabaki analea kichanga cha dude, haina damu damu kama hiyo nyingine.

Kuhusu bando. Ndani ya app ya Netflix ingia kwenye mpangilio wa data ya simu uchague kubana matumizi, wenyewe wanasema GB 1 inakwenda kama masaa 6, na sizoni ya kwanza ya Ultraman ni episodi 13 za dakika ishirini na kitu, kwahiyo GB moja inakutosha kama huchezei setingi. Ukipata wifi ya chuo au ya ofisini pakua kabisa kwenye simu, ubora wa kawaida tu, alafu Juni hii na baridi ya Uyole umeme ukizingua we unajifunika blanketi unaendelea. Gridman na Fuuto PI zimekua Crunchyroll, app ya kulipia ya anime, hakikisha kwanza kwamba kwa akaunti ya huku zinafunguka ndo ulipie mwezi. Na we uliezoea muvi za kutafsiriwa na madj, hapa utasoma maandishi chini, unazoea tu.

Baada ya Gridman ndo uonje ya kizamani, episodi moja ya Ultraman, Tsuburaya wana chaneli yao YouTube wanaweka vitu. Usiangalie stori, angalia nyumba. Mwanzilishi Eiji Tsuburaya ndo aliyefanya madoido ya Godzilla ya 1954, na ujanja wao ulikua kurekodi picha nyingi kwa sekunde kuliko kawaida, ikirushwa kwa spidi ya kawaida kila kitu kinaenda taratibu, ndo maana kinyumba cha kukufika kiunoni kinaanguka kama ghorofa la kweli. Ukishaliona hilo utarudi kwenye Gridman na kuona walikua wanaiga nini.

Anime ya Kikaider ya 2000 (episodi 13) ni kwa wanaopenda huzuni, roboti Jiro na gitaa lake, dhamiri yake haijakamilika na anajijua. Usiichanganye na nyingine, iangalie peke yake usiku.

Alafu kwa waliovutiwa na Gridman, mpangilio ni SSSS.Gridman, SSSS.Dynazenon ya 2021, ndo filamu ya Gridman Universe ya 2023. Dynazenon inaanza taratibu na watu wanashawishika kuiruka, ila ukiiruka, kwenye Universe nusu ya watu kwenye skrini utakua huwajui ni kina nani.